Anayeandikiwa Steroidi Apimwe Presha na Aulizwe Analalaje

Prednisoloni, mojawapo ya dawa za steroidi, ni kidonge kidogo cha bei nafuu, na kwa wagonjwa wengi ndicho kinachowaweka hai. Mwenye pumu kali, mwenye lupasi, mtoto ambaye figo zake zinavujisha protini kwenye mkojo, mzee ambaye vidole vimepinda kwa baridi yabisi, aliyepandikizwa figo ya nduguye: wote hawa wana sababu ya kuishukuru dawa hii, na neno lolote la kuwatisha wasiitumie lingekuwa kosa kubwa. Sina ugomvi na dawa. Ugomvi wangu ni na namna tunavyoitoa. Mgonjwa anaandikiwa steroidi ya miezi au ya miaka, anakabidhiwa bahasha yenye tarakimu mbili zilizotenganishwa na alama ya kuzidisha, anaondoka bila mtu kumpima presha wala kumwambia saa ya kumeza, na akirudi kuongezewa dawa haulizwi kama usiku analala. Nashikilia kwamba presha na usingizi wa mgonjwa huyu ni sehemu ya tiba yenyewe, na kwamba anayetoa steroidi ya kupita wiki tatu bila kuyafuatilia mambo hayo mawili ametoa nusu ya matibabu.

Inafaa kuanza na kazi ya dawa hii mwilini. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo iitwayo adrenali, na moja ya kazi zake ni kutengeneza homoni ya kortisoli. Homoni hii ina ratiba. Hupanda alfajiri, hufika kileleni saa ambazo watu wengi wanaamka, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, kisha hushuka mchana kutwa hadi kufikia kiwango chake cha chini kabisa karibu na saa sita usiku. Ndiyo inayouarifu mwili kwamba kumekucha: sukari ipande kidogo, mishipa ikaze, akili izinduke. Mwaka 1948, katika Mayo Clinic huko Rochester, Minnesota, daktari Philip Hench alimchoma mgonjwa wa baridi yabisi sindano za kotisoni, homoni ya jamii hiyohiyo, na mwanamke aliyekuwa taabani kitandani akaanza kutembea ndani ya siku chache. Mwaka 1950 Hench alipokea Tuzo ya Nobel pamoja na wanakemia Edward Kendall na Tadeus Reichstein. Madaktari wa wakati ule hawakukawia kuuona upande wa pili: nyuso kuvimba, usingizi kupotea, presha kupanda, akili kuvurugika. Prednisoloni iliyofuata katikati ya miaka ya 1950 ina nguvu ya kutuliza uvimbe karibu mara nne ya kortisoli ya mwili, na haizuii chumvi mwilini kama zile za mwanzo. Sifa hiyo ya pili ndiyo iliyowafanya wengi wadhani kwamba habari ya presha imekwisha. Haikwisha.

Presha ya anayetumia steroidi haiji kwa njia ya chumvi peke yake. Dawa hii huifanya mishipa ya damu iitikie kwa nguvu zaidi homoni zinazoibana, na wakati huohuo hupunguza kemikali ambayo kuta za mishipa huitoa ili zilegee. Dozi ikiwa kubwa, figo nazo huanza kushikilia chumvi na maji. Juu ya hayo hamu ya kula huongezeka, mwili hunenepa tumboni, usoni na shingoni, na unene huo una presha yake. Mwaka 2020 jarida la chama cha madaktari wa Canada lilichapisha utafiti uliofuatilia watu zaidi ya 71,000 nchini Uingereza, wote wakiwa na magonjwa ya muda mrefu ya uvimbe mwilini kama baridi yabisi na magonjwa ya utumbo. Katika miaka ya ufuatiliaji, takriban theluthi moja yao waligundulika kuwa na presha ya juu, na kadiri jumla ya steroidi aliyomeza mtu ilivyokuwa kubwa, ndivyo uwezekano wake wa kuipata ulivyozidi. Mtu makini atasema kwamba magonjwa hayo yenyewe huweza kupandisha presha, na kwamba aliyemeza dawa nyingi zaidi ndiye aliyekuwa mgonjwa zaidi. Ni kweli, na utafiti wa aina hii hauwezi kutenganisha mambo hayo kikamilifu. Lakini tazama pingamizi hilo linatupeleka wapi. Kama presha inaletwa na dawa, mgonjwa anahitaji kupimwa. Kama inaletwa na lupasi iliyovamia figo, anahitaji kupimwa upesi zaidi. Hakuna tafsiri ya takwimu hizo inayomruhusu mhudumu kuiacha mashine ya presha mezani.

Na presha, kama inavyojulikana, haina sauti. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana presha ya juu, na kwamba karibu nusu yao hawajui kuwa wanayo. Anayetumia steroidi yumo katika hatari kubwa zaidi ya kutojua kuliko wengine, kwa sababu dawa inampa nafuu. Pumzi imerudi, viungo vimelegea, hamu ya kula ni nzuri, majirani wanamwambia amenawiri. Ni nani atakayekwenda kupima presha akiwa katika hali hiyo? Uso unaoviringika na mwili unaojaa, ambao kwetu mara nyingi husomwa kama dalili ya kupona, waweza kuwa dalili ya dozi iliyozidi au iliyokaa muda mrefu mno. Anayemwona hivyo kliniki anapaswa kufikiria mashine ya presha kabla ya kumpa pongezi.

Wapo wanaosema hatari hii ni ya dozi kubwa tu, na kwamba mgonjwa wa dozi ndogo hana haja ya kusumbuliwa. Wana sehemu ya haki. Utafiti mwingine wa Uingereza, uliochapishwa 2021 na kuhusisha wagonjwa zaidi ya 17,000 wa baridi yabisi, uliona uhusiano wa wazi kati ya prednisoloni na presha kuanzia miligramu 7.5 kwa siku. Chini ya hapo uhusiano haukuonekana waziwazi. Kwa mzee anayetumia miligramu 5 kwa siku hii ni habari njema na aambiwe. Lakini mgonjwa hahesabu miligramu, anahesabu vidonge, na vidonge vingi vinavyouzwa madukani mwetu ni vya miligramu 5 kimoja. Vidonge viwili vimekwisha kuvuka mstari huo. Sita ni miligramu 30, na huyo hana dozi ndogo hata kama vidonge vyenyewe vinaenea kwenye kiganja cha mtoto.

Halafu kuna dozi inayofichika kwa kukatwa vipande. Mwenye pumu asiye na dawa ya kuvuta ya kuzuia shambulio hubanwa, hukimbizwa hospitali, hupewa vidonge vinane kwa siku kwa siku tano, hupona. Baada ya miezi miwili hurudi. Kila mzunguko wa namna hiyo ni miligramu 200, na mizunguko mitano inatosha kufikisha gramu moja. Watafiti wa pumu wameonyesha kwamba baadhi ya madhara ya steroidi za kumeza huanza kuonekana jumla inapofika kati ya nusu gramu na gramu moja katika maisha ya mtu. Mgonjwa huyu hajawahi kuandikwa popote kuwa anatumia steroidi kwa muda mrefu. Kila mara alihesabiwa kuwa mgonjwa wa dharura. Ningependa hospitali zetu zianze kujumlisha, kwa sababu jumla hiyo ndiyo ingeonyesha kwamba anachokosa ni dawa ya kuvuta, ambayo hupeleka steroidi kidogo moja kwa moja kwenye mapafu na kumwepusha na sehemu kubwa ya taabu tunayoizungumzia.

Sasa usingizi. Ikiwa kortisoli ndiyo inayouambia mwili kuwa kumekucha, basi kidonge cha prednisoloni kinachomezwa saa mbili usiku kinapeleka habari ya alfajiri kwenye mwili unaojiandaa kulala. Athari za prednisoloni hudumu kati ya saa 12 na 36, na za deksamethasoni, steroidi nyingine, hudumu zaidi. Anayekimeza usiku hukaa macho, au husinzia kidogo na kushtuka, ndoto zikawa za ajabu, moyo ukaenda mbio. Hapa ndipo maandishi ya bahasha yanapoumiza. “2×2” humaanisha kwa mgonjwa asubuhi na usiku, kwa kuwa ndivyo alivyomeza dawa za malaria na za mafua tangu utotoni. Hakuna aliyemwambia kwamba kwa wengi steroidi ya mara moja kwa siku inamezwa asubuhi na kifungua kinywa, na kwamba ikibidi kugawanywa, fungu la mwisho lisivuke saa nane au saa tisa mchana. Marekebisho haya hayagharimu hata shilingi moja. Kalamu ileile iliyoandika “2×2” ingeandika “vinne, saa mbili asubuhi, baada ya kula”. Mtu ambaye kwa miezi mingi amekuwa akihesabu mabati ya dari anaweza kupata nafuu ndani ya wiki kwa sababu ya maneno hayo machache, na inauma kuona wangapi hawaambiwi.

Nimeziweka presha na usingizi katika hoja moja kwa makusudi. Katika mtu mwenye afya, presha hushuka usiku kwa asilimia 10 hadi 20, na hayo ndiyo mapumziko ya moyo na mishipa. Kortisoli iliyozidi huelekea kuyafuta mapumziko hayo, na kukosa usingizi huyafuta pia. Kwa hiyo mgonjwa mmoja anaweza kupoteza nafuu ya usiku kwa njia mbili kwa wakati mmoja, na presha anayopimwa saa nne asubuhi isiseme lolote kuhusu yale yanayompata saa nane usiku. Kuna njia ya tatu. Shingo inayonenepa kwa steroidi huweza kuibana njia ya hewa mtu akiwa amelala. Anakoroma, pumzi inakatika kwa sekunde kadhaa, anazinduka kwa kutweta, kisha analala tena bila kukumbuka. Hali hiyo ni miongoni mwa sababu zinazofahamika za presha isiyosikia dawa. Mara nyingi anayeijua ni mke au mume aliye kando kitandani, naye haulizwi. Sukari pia hupandishwa na steroidi, na sukari ikipanda humwamsha mtu kwenda haja ndogo mara kwa mara. Swali la “unalalaje?” kwa hiyo halitoki kwenye hisani. Linafungua milango ya presha, sukari na pumzi kwa pamoja, na linachukua nusu dakika.

Sidai kwamba asubuhi ni sheria isiyovunjwa. Wagonjwa wa baridi yabisi huamka viungo vimekakamaa kwa sababu kemikali za uvimbe hupanda usiku wa manane, na mwaka 2008 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la kidonge maalumu kilichomezwa saa nne usiku na kuachia dawa yake saa nane usiku. Muda wa kukakamaa ulipungua kwa zaidi ya moja ya tano ukilinganisha na dawa ya kawaida ya asubuhi. Kidonge hicho kimetengenezwa kwa namna yake, na anayemeza prednisoloni ya kawaida saa nne usiku hatapata matokeo yale. Mlinzi wa usiku, ambaye asubuhi yake ni jioni, anahitaji kupangiwa saa zake na mtu anayeijua kazi yake. Mwezi wa Ramadhani nao unahitaji mazungumzo mapema. Waumini wengi wakifunga huhamishia dawa zote kwenye futari, na kwa steroidi uamuzi huo huleta usiku wa macho makavu, wakati daku ipo na kwa wengi iko karibu zaidi na saa za asili za kortisoli. Wapo pia wasiofaa kufunga kabisa, kama wale ambao ugonjwa wao haujatulia au ambao tezi zao zimelala kwa sababu ya dawa. Hao wazungumze na daktari wao mwezi wa Shaabani, si baada ya kuanguka. Tofauti zote hizi zinaimarisha hoja yangu. Saa ya kumeza ni uamuzi wa kitabibu, na uamuzi lazima ufanywe na mtu, usiachiwe mazoea.

Kuna sababu nyingine ya kuuliza kuhusu usingizi, na ni nzito kuliko zote. Steroidi huweza kuvuruga akili. Utafiti wa Boston wa mwaka 1972, ambao bado unatajwa na madaktari, ulikuta matatizo makubwa ya akili kwa asilimia 1.3 ya wagonjwa waliotumia miligramu 40 za prednisoni, ndugu wa prednisoloni, au chini yake kwa siku, asilimia 4.6 kwa dozi ya kati, na asilimia 18.4 kwa waliozidi miligramu 80. Mara nyingi usingizi hutangulia kuondoka: mtu halali, anazungumza kupita kiasi, anapanga mambo makubwa usiku wa manane, au anaanza kuwashuku watu wa nyumbani kwake. Familia isiyoambiwa chochote itayatafsiri hayo kwa lugha iliyo nayo, na katika nyumba nyingi lugha hiyo ni ya majini au ya kurogwa. Mgonjwa atapelekwa kwa mganga, dawa itasimamishwa ghafla, na tatizo lililokuwa la kupunguza dozi litageuka kuwa la kufa na kupona. Siilaumu familia. Nalaumu ukimya uliowakuta.

Wengine watatafuta njia fupi. Mtu halali, basi apewe diazepamu, au anunue mwenyewe dawa ya mafua inayoleta usingizi. Kwa mgonjwa wa pumu au wa mapafu dawa za usingizi zinaweza kudhoofisha pumzi, kwa mzee zinaleta kuanguka, na mifupa ya mtumiaji wa steroidi huvunjika kwa urahisi. Zikianza kutumika kila usiku, kuziacha kunakuwa kazi ya pili. Njia ya haki ni kuanza na kilicholeta tatizo: saa ya kumeza, ukubwa wa dozi, kisha chai nzito na kahawa za jioni, ambazo katika miji ya pwani ni sehemu ya maisha na si rahisi kuziacha. Dawa ya usingizi iwe ya mwisho, kwa muda mfupi na kwa maamuzi ya daktari.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi hutoka kwa wahudumu wenyewe. Wanasema: ukimweleza mgonjwa madhara yote haya, ataacha dawa, na kuacha steroidi ghafla kunaweza kumuua. Hofu hiyo ina msingi. Baada ya wiki kadhaa za prednisoloni, tezi za adrenali hupunguza au husitisha kazi yake kwa kuwa zinaona homoni inatoka nje. Dawa ikikatwa siku moja, mwili unabaki bila kortisoli. Presha inaporomoka, sukari inashuka, mtu anatapika, anazirai, na akipata homa kali au ajali anaweza asiamke. Ndiyo maana dozi hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki au miezi, na ndiyo maana Uingereza ilianza mwaka 2020 kuwapa wagonjwa kadi ya dharura ya kutembea nayo, inayowaambia wauguzi na madaktari kwamba mtu huyu anategemea steroidi. Lakini anayeacha dawa ghafla kwa kawaida si yule aliyeelezwa. Ni yule aliyejionea mwenyewe uso unavimba na usiku haupiti, akajiuliza kuna nini, akasikia jirani anasema dawa hizo ni mbaya, akazitupa. Aliyeambiwa tangu mwanzo kwamba usingizi unaweza kusumbua na kuna la kufanya, kwamba presha inaweza kupanda na ina dawa, na kwamba kuacha ghafla ni hatari kuliko vyote viwili, ana sababu ya kurudi kliniki. Ukweli unaotolewa pamoja na suluhisho lake haumfukuzi mgonjwa.

Pingamizi la pili ni la rasilimali: foleni ni ndefu, wahudumu ni wachache. Najibu kwa kuelekeza kidole kwenye jengo lilelile, mlango wa pili. Mama mjamzito katika zahanati zetu ana kadi, na kila hudhurio kadi hiyo ina nafasi ya kuandika presha, kwa kuwa tuliamua zamani kwamba kifafa cha mimba hakiwezi kuvumiliwa. Foleni ya mama wajawazito si fupi kuliko ya wagonjwa wa pumu. Kinachotofautisha ni kwamba huku kuna nafasi tupu kwenye karatasi inayodai kujazwa, na kule hakuna. Tanzania ilipandikiza figo yake ya kwanza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2017, na wagonjwa wa aina hiyo hufuatiliwa kwa karibu sana, presha yao ikiwa miongoni mwa mambo ya kwanza kutazamwa. Ujuzi basi upo nchini. Anayekosa kufikiwa nao ni mwenye lupasi wa wilayani, anayeongezewa prednisoloni dirishani kwa cheti cha mwaka juzi. Ninachokipendekeza ni ukurasa mmoja ndani ya daftari lake: presha kabla ya kuanza dawa, presha tena baada ya wiki mbili hadi nne, kisha kila hudhurio, dozi kwa miligramu na saa ya kumeza, na mstari mmoja wa usingizi.

Presha ikionekana iko 140 kwa 90 au zaidi kwa vipimo vya siku tofauti, itibiwe, na swali la kwanza liwe kama dozi ya steroidi inaweza kushushwa au kusaidiwa na dawa nyingine, kama methotreksati kwa baridi yabisi au azathioprini kwa lupasi. Dawa za presha nazo zina mambo yake hapa. Zile za kukojosha maji, zikikutana na steroidi, zinaweza kushusha madini ya potasiamu hadi misuli ikalegea na mapigo ya moyo yakavurugika, kwa hiyo damu ipimwe; na zikimezwa jioni, humwamsha tena mgonjwa ambaye tayari halali. Amlodipini huweza kuvimbisha miguu, ikachanganywa na uvimbe wa steroidi. Baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, hasa zenye ritonaviri, hupandisha kiwango cha steroidi mwilini, ilhali rifampisini ya kifua kikuu hukishusha. Na jambo linalosahaulika sana: dozi ya steroidi inapopunguzwa, presha nayo inaweza kushuka, na mgonjwa akiendelea na vidonge vilevile vya presha ataanza kuona kizunguzungu akisimama. Vidonge vya aina zote mbili vitazamwe kwa pamoja.

Mgonjwa naye ana wajibu wake. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kidogo kimoja cha chai kwa chakula chote, na humo ndani huhesabiwa papa na ng'onda, viungo vya mchuzi vya paketi, na chumvi inayonyunyizwa kwenye chipsi na maembe mabichi. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazonunuliwa kama peremende kwa maumivu ya mgongo, hupandisha presha na zikichanganyika na steroidi huongeza hatari ya vidonda vya tumbo na kutoka damu. Anayepima nyumbani akae kwanza dakika tano, mkono ukiegemezwa usawa wa moyo, na ukanda uenee mkono wake; mkono ulionenepa ukifungwa ukanda mdogo hutoa tarakimu za uongo. Kwa vipimo vya nyumbani, 135 kwa 85 ndicho kiwango cha kuanza kushughulika. Na kama mtu anatumia dawa ya viungo ya chupa isiyo na maandishi, inayoondoa maumivu usiku mmoja, au krimu kali za kujichubua mwili mzima, amweleze daktari bila aibu. Steroidi zimewahi kukutwa zimechanganywa kwa siri katika dawa ziitwazo za asili katika nchi mbalimbali, na krimu kali zinazopakwa kwa muda mrefu huingia kwenye damu.

Maduka ya dawa sitayaacha nje. Kidonge hiki kisheria ni cha kuandikiwa na daktari, lakini si siri kwamba kinapatikana kwa anayekitaja kwa jina. Baada ya jaribio la Uingereza la Juni 2020 kuonyesha kwamba deksamethasoni huokoa maisha ya wagonjwa mahututi wa Uviko, wapo waliokimbilia kuinunua wakiwa hawaumwi chochote. Muuzaji anayemwona mteja yuleyule akija mwezi wa tatu mfululizo kununua prednisoloni ndiye mhudumu wa afya pekee anayemwona mtu huyo. Ana mashine ya presha kaunta, mara nyingi. Aitumie, na amrudishe mteja hospitali.

Kwa wizara za afya za Tanzania na Kenya ombi langu ni ukurasa huo mmoja, na agizo kwamba bahasha ya steroidi iandikwe miligramu na saa. Kwa daktari: kabla hujatia saini cheti cha pili, uliza analalaje, na umsubiri ajibu. Na wewe unayeimeza, usiiache hata siku moja kwa sababu ya haya uliyosoma. Weka dawa zako zote kwenye mfuko mmoja, hata za miti shamba, nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe wiki hii, omba upimwe presha, na usiondoke kabla ya kuambiwa saa kamili ya kumeza.